Yule Mama wa Mlangoni Hakusema Kitu

Kwako Idrisa, mwanangu uliyenitangulia kuzaliwa kwa miezi saba,

Nakuandikia nikiwa dukani, nyuma ya meza ya makava ya simu. Ni Jumapili alasiri, Kariakoo imepoa kidogo, na wewe na Babu mmeenda Temeke kuaga ndugu. Kesho alfajiri unapanda basi la Nairobi kwenda kusoma filamu. Pasipoti, vyeti, mswaki, usinunue kila kinachoningʼinizwa dirishani pa basi: hayo Babu ameshakuambia mara tatu na kesho atayasema ya nne. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mitano. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Mimi na mdomo wangu hatujawahi kuelewana.

Jambo lenyewe ni hili. Yale maneno ya mama wa mlangoni, uliyoyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari lako la Mzee Mgongo, ambayo Jumatano utasimama kuyasema mbele ya watu wanaoijua filamu ile kuliko sisi, hayamo kwenye filamu. Yule mama hasemi kitu. Maneno ni yangu. Niliyaandika mimi.

Usilifunge daftari. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ununie huko mbele.

Nianze na siku uliyopewa mimi. Dada Mwajuma, mama yako, ndiye aliyetulea wote wawili, maana Bibi yako, mama yangu mimi, alifariki mimi bado natambaa. Siku Dada alipoondoka kwenda Maskati kufanya kazi za ndani tulikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa madrasa. Mimi nilikuwa nyumbani naumwa matubwitubwi, mashavu yamevimba, nimefungwa kanga kutoka kidevuni mpaka utosini, hadi mdomo umefunikwa. Uliporudi, Babu alikukalisha kwenye mkeka, akakuambia mama yako ameenda kutafuta, na kwamba kwetu mama mdogo ni mama, hana udogo, kwa hiyo kuanzia leo mama yako ndiye huyu hapa.

Ukaniangalia. "Huyu? Mwenye mashavu haya?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Mwamkie."

"Shikamoo, Mashavu."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu kupitia kwenye kanga, na taya ziliniuma hasa.

Tangu hapo shikamoo yako imekuwa fimbo ya kunichapia. Unasimama pale kwenye kona ya duka, watu wamejaa, unapaza sauti: "Shikamoo mama mdogo!" Watu wanageuka kumtafuta mtu mzima, wanaiona sketi ya shule. Nami najua jinsi unavyofurahi nikijificha nyuma ya maboksi. Lakini kuna siku hukuwa unatania. Siku ya matokeo yako ya kidato cha nne ulikuja kimya, ukasema shikamoo mama, bila mdogo. Ile siku niliitikia na sikulala vizuri, kwa sababu ya haya ninayokuandikia.

Unakumbuka chumba cha Babu kule mtaa wa Gerezani, nyuma ya mafundi wa vipuri. Wenzako wa chuo hawatakielewa mpaka uwaeleze. Kwamba Babu yako alikuwa anachukua filamu ya nje, anashusha sauti yake chini kabisa, anakaa mbele ya kipaza sauti na kuisimulia kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, yeye peke yake, jambazi yeye, bibi harusi yeye, mbwa yeye. Kwamba mtaa mzima ulimwita Mzee Sauti. Na kwamba siku moja kwenye mzigo wa sidii zilizotoka bandarini akakuta nane za mwongozaji mmoja wa nchi za baridi huko, akazichukua kwa furaha kwa sababu jaladani kulikuwa na mtu ameshika shoka.

Yule mtu alipasua kuni. Hakumpasua mtu hata mmoja. Kuni, mpaka zikaisha.

Jina la yule mwongozaji Babu alilitamka kila siku kivyake, mwisho akachoka akamwita Mzee Mgongo. Na kwa kweli hakukosea. Jambo likiwa zito, yule mzee anampiga mtu picha kwa nyuma. Mtu kaletewa habari ya msiba, tunaona kisogo. Baba anamwomba mwanawe msamaha, tunaona mabega. Halafu kila mtu anatoka chumbani, mlango umebaki wazi, kikombe cha chai kiko mezani, na kamera imebaki pale pale kama mgeni aliyesahauliwa. Wateja walizirudisha sidii.

"Mzee Sauti, hii imekwama."

"Haijakwama. Mtu anawaza."

"Akawaze kwao! Sisi tunataka vita."

Ndiyo maana Babu akaanza kujaza. Kila penye kimya akatia neno, utani, methali, hata salamu kwa wateja wa Ilala. Nane zote alizijaza.

Wewe peke yako ulimpenda Mzee Mgongo. Ulinunua daftari la kaunta, ukaandika juu yake MTINDO WA MZEE MGONGO, ukawa unazirudia zile filamu na kuorodhesha alama zake. Migongo. Milango. Kikombe. Viatu vya mtoto. Watu wasioombana radhi kwa maneno. Na nyundo. Uliandika ukurasa mzima wa nyundo, jinsi zinavyosikika kwa mbali katika kila filamu yake, na kwamba maana yake ni umri unaokwenda na hakuna wa kuusimamisha. Uliusoma mbele yetu kwa sauti ya mwalimu. Wiki ile ile tukaangalia filamu ya vita ya mtu mwingine kabisa, porini, wanajeshi wamejificha kwenye matope, ukashtuka.

"Babu, huyu naye kamwiga Mzee Mgongo nyundo zake!"

"Nyundo gani?"

"Sikiliza."

Babu akatega sikio. Halafu akaanguka kwenye kochi. "We mtoto! Huyo fundi Saidi, nje ya chumba changu, anagonga springi, kipaza sauti kinamdaka!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ulichukua rula ukakata ule ukurasa wa nyundo mstari kwa mstari, huku na wewe unacheka, masikio yamekuiva. Nami nilicheka. Lakini nilijua kuna kitu kingine ndani ya daftari lile kilichotoka Gerezani, na hicho huwezi kukikata kwa rula.

Nilikuwa kidato cha pili Babu aliponifanya msaidizi wake. Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa kizuri wakati huo, cha kusema ndicho kilichokufa, na nitafika huko. Kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyaandika Kiswahili, yeye ayasome. Tukafika kwenye ile ya mwanamke wa mlangoni. Ni alfajiri, mtoto amelala, mama anaondoka nyumbani na sanduku dogo. Amefika mlangoni, amesimama, ametupa mgongo. Anasimama. Anasimama. Maandishi hayapiti, maana hakuna neno.

Babu alikuwa anaangalia saa ya mkononi. "Dakika nne! Zuhura, hapa watanichana. Jaza."

"Nijaze nini, Baba?"

"Chochote. Muage mtoto."

Niliuangalia ule mgongo, nikaandika bila kuinua kalamu. "Lala, mwanangu. Nikikuamsha sitaondoka, na nisipoondoka hatutakula. Chai nimeifunika. Wakikuuliza mama yako yuko wapi, waambie ameenda kutafuta, na anayetafuta anajua njia ya nyumbani. Usinisubiri mlangoni. Nisubiri ndani."

Babu aliyasoma mara moja, polepole, bila kutia utani hata mmoja. Alipomaliza alizima mashine akatoka nje kununua maji, akarudi na chupa akaiweka mezani hakuinywa.

Jumapili yake ukaiangalia pale sebuleni. Ulirudisha nyuma mara saba, nilihesabu. Na kwa kuwa yule mama ametupa mgongo, midomo yake haionekani, hakukuwa na cha kukushtua. Ukanigeukia macho yamejaa. "Umeona, mama mdogo? Huyu mzee anajua."

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, anajua.

Kosa langu lilikuwa pale, Idrisa, kwenye kile kichwa. Ningesema siku ile kwamba ni mimi, ungenipiga kibao cha bega, tungecheka kama tulivyocheka nyundo. Sikusema. Miezi miwili baadaye ukaugua malaria, ukawa unayasema yale maneno usingizini, nikikupangusa jasho. Sasa ningeanzaje? Ukayaandika ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu. Ukawa unayasema kabla ya kila mtihani. Uongo wa kusema unakuponyoka siku moja ukiwa umekasirika. Huu wangu ulikuwa wa kunyamaza, haupigi kelele, nikaufuga, wewe ukakua nao.

Nimesimama kidogo, amekuja mteja. Dada mmoja na mwanawe wa miaka mitatu hivi, anataka kava lenye maua.

"Unaandika barua?" akaniuliza. "Siku hizi? Si umpigie tu?"

"Yuko Temeke," nikasema.

"Temeke hapo!" Akacheka, akamwonyesha mwanawe. "Muone dada, anamwandikia mtu wa Temeke barua. Huyo atakuwa mchumba."

"Mwanangu," nikamwambia. Akaniangalia juu mpaka chini, akachukua kava lake akaenda zake bila kuuliza tena.

Nilikuwa wapi. Sasa nifike Alhamisi iliyopita.

Ulivyopata ile barua ya chuo, kwamba kila mwanafunzi mpya aje na mazungumzo ya dakika kumi juu ya mwongozaji mmoja na tukio moja, sote tulijua atakuwa nani na litakuwa lipi. Alhamisi ukatukalisha mimi na Babu kwenye kochi, ukageuza na feni ikuangalie, eti wasikilizaji watimie watatu. Na ulikuwa mzuri. Sijui umejifunzia wapi kusimama vile. Ukaeleza kwamba umezitafuta kwenye simu filamu zake tatu nyingine bila sauti ya Babu, ukagundua kumbe yule mzee ni mtu wa kimya, hajazi, anaacha mgongo useme. Nikadhani umefika. Nikashukuru Mungu, nikasema ameliona mwenyewe. Lakini hii moja hukuipata popote, na kwa kuwa hapo Babu hakutania ukadhani maneno ni ya filamu, ukaendelea: "Katika filamu zote, ni hapa tu alipovunja kanuni yake. Ni huyu mama peke yake aliyempa maneno. Swali ni kwa nini. Jibu langu ni kwamba kuna kwaheri moja duniani ambayo haifai kunyamaziwa."

Feni ikageuka upande wa pili. Babu akapiga makofi, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Alinifuata jikoni nikichambua mchicha. "Utamwambia lini?"

"Si umwambie wewe, Baba. Sauti ni yako."

"Sauti yangu. Maneno yako." Akachukua jani moja la mchicha akaliangalia pande zote mbili kama anatafuta mdudu. "Mimi niliwajazia wateja. Wewe ulikuwa unamjazia yule mtoto. Unadhani sikujua?"

Ijumaa nilikuja mpaka mlangoni kwako mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unakunja mashati, ukasema, "Shikamoo mama, umekuja kunipa mawaidha?" nikasema nimekuja kuchukua pasi ya umeme. Mara ya pili sikuwa na hata pasi.

Unajua nini kilinitoa woga? Darasa letu la kidato cha kwanza. Tumetoka shule ya msingi tunaongea Kiswahili kama chiriku, tunafika sekondari tunaambiwa kuanzia leo Kiingereza tu. Mwalimu akanisimamisha nieleze kwetu ni wapi na baba yangu anafanya kazi gani. Nilikuwa nayo yote kichwani. Nikafungua mdomo pakatoka nusu ya hiki na nusu ya kile, halafu pasitoke kitu. Darasa likacheka. Na wewe ulicheka, Idrisa, dawati la nyuma karibu na dirisha. Nilikuona. Mapumziko ukaniletea nusu ya chapati yako, nami nikaila. Tulishamalizana. Ila niliketi siku ile nikanyamaza, na nimenyamaza miaka sita. Wakicheka Jumatano kwa sababu ya maneno yangu, na wewe ukaketi namna ile, mimi ndiye nitakuwa nimekukalisha. Hilo siliwezi. Afadhali unikasirikie.

Najua nakunyangʼanya nini. Si ukurasa wa daftari tu. Mama yako aliondoka bila kukuaga, akapata maisha yake huko Maskati, akabaki sauti ya simu siku za Idi. Kwa miaka mitano umemkopa yule mama wa filamu akuagie. Sasa naja nakuambia naye hakusema. Kwa hiyo nikulipe kwa kitu nilicho nacho, ambacho hata Babu hakijui. Nimekificha miaka tisa, muda mrefu kuliko kile kingine.

Siku ile ya matubwitubwi Babu alikuwa Gerezani. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka ukumbini, Dada alidhani nimesinzia. Alitoka chumbani na begi. Akaenda uani, akaanua shati lako la shule kwenye kamba, akalikunja, akaona bado bichi, akarudi akalianika tena. Akarudi ndani akakifunika kikombe cha uji wako kwa kisahani. Kisha akaniona macho yangu yako wazi. Akachuchumaa, akaweka kidole mdomoni, mdomoni mwangu mimi, si mwake, juu ya kanga. Kilikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia. Akaenda mlangoni akasimama.

Alikaa pale sana. Alikuwa na gauni la bluu lenye zipu mgongoni, na zipu haikufika juu. Ilibaki wazi kama kiganja kimoja, maana mkono wa mtu mwenyewe haufiki pale, na mimi ndiye niliyekuwa namfunga kila siku. Nilitaka kuamka nimfunge. Niliogopa nikiamka ataniona nalia, niliogopa kile kidole, niliogopa sijui nini. Sikuamka. Alitoka hivyo hivyo, amesafiri mpaka Maskati na zipu wazi. Mlango aliuacha, hakuufunga.

Hakusema kitu. Hata jina lako. Miaka minne baadaye Babu ananiambia jaza, na kwenye ile televisheni namwona dada yangu. Nilimjazia yeye. Sikuweza kuivumilia ile dakika ya nne.

Juzi nimeitafuta ile filamu kwenye kompyuta ya zamani ya Babu, nimeipata haijaguswa, iko kwenye hii flashi niliyoibandika kwa gundi chini ya ukurasa huu wa barua. Nimeiangalia peke yangu bila maneno yangu. Na nikuambie ukweli, ni nzuri kuliko tulivyoifanya. Yale maneno yangu ni ya mtoto wa miaka kumi na tatu anayetaka mtu arudi. Mgongo wa yule mama hauahidi kurudi. Umesimama tu kwa sababu miguu imekataa, na ukiuangalia mpaka mwisho unajua kila kitu ambacho mama yako angekuambia. Mimi nilikuwa najua, kwa sababu nilikuwepo. Sasa na wewe umekuwepo kidogo.

Una safari nzima na Jumanne yote. Sijui utasema nini Jumatano, mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Lakini ukipenda, waambie habari za Gerezani. Waambie kuna mahali mgongo wa yule mama ulipewa sauti ya mzee wa makamo na maneno ya msichana, huku fundi Saidi anagonga springi. Hiyo hawaijui hata wawe wamesoma vipi. Wakicheka, usiketi. Subiri wamalize, uendelee.

Barua hii nitaichomeka ndani ya daftari, ukurasa wa kwanza, juu ya wino mwekundu. Ukiikuta utakuwa umeshakaa kwenye kiti, basi limeanza kutembea, Babu amekupungia mpaka mkono umemchoka. Mimi nitakuwa nimesimama kama nguzo, sijasema hata safari njema, na utakuwa umeshangaa mbona nimekushika begani pale mlangoni nikakuvalisha jaketi kwa nguvu, na joto lote hili, nikakufunga zipu mpaka kidevuni.

Najua inakubana. Usiishushe mpaka Chalinze.

Mama yako,
Zuhura